Kiti cha Mbele katika Lori la Baba Mkwe

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, mwaka wa 1972, nilimpoteza mke wangu, na pamoja naye mtoto wetu wa kwanza, ambaye hakuwahi kulia. Siku hiyo mimi nilikuwa Nakuru. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kanisa la watu nisiowajua, nimevaa shati safi, na lori la tajiri wangu lilikuwa limesimama nyuma ya kinu cha unga, kwa sababu ilikuwa Sabato na mimi sikuendesha gari siku ya Sabato.

Watoto wa ndugu zangu wameniuliza mara nyingi kwa nini niliacha udereva nikiwa bado kijana. Huwa sijibu. Nitaandika hapa ilivyokuwa. Shule niliishia darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha shuleni na cha barabarani. Nyumbani tulisema Kigusii, na karibu maneno yote ya watu yaliyo hapa yalisemwa kwa Kigusii.

Nilijifunza udereva mwaka wa 1971 mjini Kisii, katika lori kuukuu la mwalimu mmoja aliyewahi kuendesha magari ya jeshi wakati wa vita vya Wazungu. Baba yangu aliuza ng'ombe ili nisome. Mwalimu alishika rula ya mbao, na gia ikilia vibaya alinipiga nayo vidoleni bila hata kugeuza uso. Alitupeleka kwenye mteremko ulio nje ya mji, akatuamuru tusimame katikati ya mlima, kisha akashuka na kuweka kiberiti nyuma ya gurudumu.

"Sasa ondoka," alisema. "Ukikikanyaga, rudi kwa mama yako mkapalilie ndizi."

Nilivikanyaga vingi. Siku ya mtihani, mbele ya mtahini wa serikali, sikukikanyaga. Nilipopewa laiseni niliiweka ndani ya Biblia, na nikienda nayo mahali nilikuwa nikiipapasa mfukoni kila mara.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumeoana mwaka ule ule. Nyumbani kwetu ni kwenye vilima vya nyuma ya Kebirigo, na mke wangu alitoka Magwagwa. Alikuwa mrefu kunipita kidogo, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja kana kwamba kicheko ni kitu cha kuibiwa. Nilipomaliza shule ya udereva, mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana.

Sikutaka makubwa kutoka kwa kazi. Nilitaka niwe karibu mtoto atakapozaliwa. Kwetu wakati ule, mwanamke uchungu ukimshinda alilazwa kitandani, na wanaume wakakibeba kitanda kile mabegani wakateremka nacho mlima mpaka barabarani, kisha wakasubiri gari. Dada yangu alibebwa hivyo, mvua ikinyesha. Hakufika. Mke wangu alikijua kisa hicho, na tangu siku niliyopata laiseni alikuwa akinitania juu yake.

"Mimi sitabebwa kama gunia la mahindi," alisema. "Nina dereva. Nitakaa mbele kama mke wa chifu, na nitawapungia mkono."

Basi nikaanza kutafuta kazi. Kwanza nilikwenda kwenye kiwanda kimoja cha chai upande wetu, ambacho kilihitaji madereva wa kukusanya majani mabichi kwenye vituo vya wakulima. Ilikuwa kazi ya kulala nyumbani kila siku. Karani alitazama laiseni yangu, akaniuliza kama najua kuendesha kwenye matope, nikasema najua. Kisha nikamwambia juu ya Sabato. Hakunidharau. Aliweka kalamu chini na kunieleza kama mtu anayemweleza mtoto wake, kwamba majani yanayochumwa hayangoji.

"Ndugu yangu, chai haina dini," alisema.

Nilimshukuru nikaondoka. Nyumbani kwetu tulikuwa Wasabato tangu siku za babu, na sikuwa mtu wa kwanza wala wa mwisho kukosa kazi kwa sababu hiyo. Hakuna aliyeona ajabu.

Kazi ya pili ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kihindi mwenye duka la jumla mjini Kisii. Lori lake lilipeleka ndizi na mahindi Nakuru, mara nyingine mpaka Nairobi, na kurudi na unga wa ngano, chumvi na mabati. Yeye alisema Jumamosi nipumzike popote nitakapokuwa, mradi Jumapili alfajiri magurudumu yawe yanazunguka. Lakini nyumbani ningekuwa nikifika kwa nadra, na hakuna ambaye angejua ni lini. Nikamwomba siku chache za kufikiri.

Ndipo baba mkwe wangu alipokuja.

Alikuja kwa miguu kutoka Magwagwa, amevaa koti lake la kanisani na kofia. Hakuingia nyumbani mwetu. Alikaa kwenye kigoda pembeni mwa uwanja, karibu na migomba, ubavu wake ukituelekea, na baba yangu akakaa mbali kidogo. Mimi nilisimama nyuma ya baba. Mke wangu alimletea uji, akaunywa polepole. Walizungumza juu ya mvua, halafu juu ya pareto, halafu juu ya watu waliokufa. Uji ulipokwisha ndipo alipolitaja lori lake.

Wote tulilijua. Alikuwa amelinunua likiwa limetumika, ili apeleke ndizi na mahindi ya Magwagwa kwenye soko la Kisii, na dereva wake alikuwa amemwacha akaenda Kisumu. Yeye mwenyewe hakujua kuendesha.

"Lori lipo," alisema, akiiangalia migomba. "Linakosa mtu tu. Likipata mtu, jioni linaweza kulala hapa. Asubuhi anakuja nalo kwangu."

Hakunitaja. Hakumtaja binti yake wala hali aliyokuwa nayo. Lakini sote tulielewa kwamba mzee huyu, ambaye angeweza kuajiri dereva yeyote, alikuwa ametembea kutwa ili lori lilale karibu na mahali anapolala binti yake.

Lazima nieleze jambo moja kwa wale ambao si wa kwetu. Tuna heshima tunayoiita chinsoni. Ni haya iliyo kati ya mtu na wale waliomzaa mke wake, na kati ya mzazi na mtoto aliyekua. Baba mkwe na mkwe hawagusani, hawataniani, hawakai mahali pembamba pamoja. Mmoja asimwone mwenzake akiwa nusu uchi, wala asisikie mwenzake akitukanwa matusi ya mwilini. Na lori ni mahali pa hayo yote. Dereva hulala chini ya gari shati limepanda kifuani. Hujisaidia kando ya gurudumu. Sokoni makuli humtukana mama yake mzazi kabla hata hajashuka. Na baba mkwe wangu alikuwa akisafiri na mzigo wake kila siku ya soko, kwa kuwa hakumwamini mtu kuuza ndizi zake. Angekaa wapi? Mbele kulikuwa na kiti kimoja kirefu, na kijiti cha gia kilisimama katikati.

Mzee alipoondoka, baba yangu alingoja mpaka mbuzi warudishwe zizini.

"Amefanya hivi kwa mapenzi," alisema. "Na kwa mapenzi amesahau. Siku mzigo ukiharibika, utamgombeza baba wa mke wako? Siku yeye akikugombeza wewe mbele ya watu, nitamwangalia vipi?"

Aliwaita ndugu zake wawili, wakakubaliana naye. Mzee wa kanisa letu, ambaye hapakuwa na haja ya kumuuliza, aliulizwa, akasema heshima kwa wazazi ni amri. Sitaki kuandika kwamba nililazimishwa. Nilipofikiria goti langu likigusana na goti la yule mzee, na makuli wa Kisii wakipiga kelele zao, mwili wangu wenyewe ulikataa. Nilikuwa nimelelewa hivyo.

Mke wangu peke yake ndiye aliyeona tofauti, na hakuwa na mahali pa kusemea isipokuwa jikoni. Alikuwa akimenya ndizi za kupika.

"Umejifunza kupanda mlima na kiberiti nyuma," alisema. "Sasa unaogopa magoti ya mzee?"

Nikamwambia asiseme hivyo juu ya baba yake.

"Baba yangu namjua. Ataangalia dirishani njia nzima. Wewe utaangalia barabara. Magoti yatazoea."

Nikacheka, naye akafunika mdomo. Kisha nikamwambia kwamba baba na ndugu zake wamekwisha kuamua, na kwamba nimeona wana haki. Aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi zilizokuwa kwenye ungo, akazitia chunguni, akainama kupuliza moto.

"Basi uwe unarudi," alisema.

Jibu halikupelekwa nami. Lilipelekwa na yule mtu wa kati aliyetupatanisha wakati wa posa, tunayemwita esigani. Aliporudi kutoka Magwagwa alisema mzee ameshukuru kwa kuheshimiwa. Alisema pia kwamba, alipokuwa akiondoka, mzee alikuwa akilizunguka lori lake na kitambaa, akilifuta vumbi.

Nikaanza kazi kwa tajiri wa Kisii. Taniboi wangu, yaani msaidizi wa dereva, alikuwa mtu mzima kunipita, mtu wa Maragoli, mcheshi, na alinifundisha njia zaidi kuliko shule ilivyonifundisha. Nilirudi nyumbani nilipoweza. Kila niliporudi tumbo lilikuwa kubwa zaidi, na kila mara mke wangu aliuliza kitu kimoja: lori liko wapi? Nami nilijibu kwamba liko mjini kwa mwenyewe. Lori la tajiri halikuruhusiwa kupanda vilima vyetu. Nilitembea tangu barabarani kama mtu yeyote.

Mara ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Mvua ilikuwa nyingi. Mama yangu alihesabu kwa njia yake akasema mtoto bado. Mke wangu alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba letu, asiweze kuteremka zaidi kwa sababu ya utelezi. Alinipa ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani. Hakusema neno la kukumbukwa. Alisema nifunge kamba ya kiatu.

Niliyoyasikia baadaye niliyasikia kwa watu wengi, na nimeyapanga kama nilivyoweza.

Uchungu ulianza Ijumaa. Mkunga wa kwetu alikuja, mama mzee aliyewazalisha wengi. Jumamosi asubuhi alitoka nje akanawa mikono, akamwambia mama yangu kwamba mtoto amekaa vibaya na yeye hawezi tena. Watu walikuwa kanisani. Mtu alitumwa huko, na kijana mmoja mwenye baiskeli akatoka ibadani, akakimbia Magwagwa kumwambia baba mkwe wangu, kwa kuwa hapakuwa na lori jingine ambalo mtu wa kwetu angeweza kuliomba.

Lori lilikuwepo. Dereva aliyepatikana baada yangu kukataa alikuwa mlevi, na mzee alikuwa amemfukuza kabla ya mwezi kwisha. Baada yake hakupata mwingine.

Mzee aliambiwa. Alikwenda kulifungua lori, akapanda, akakaa nyuma ya usukani akiwa na koti lake la kanisani. Alikuwa amewatazama madereva wengi akiwa kando yao. Alifaulu kuwasha injini. Lori liliruka, likaenda, likateremka uwanja wake mwenyewe, likagonga nguzo ya lango na kusimama hapo. Goti lake la kulia lilipondwa chini ya usukani. Kijana wa baiskeli aliniambia kwamba mzee aliwasha tena, na tena, mpaka injini ikakataa. Kisha akabaki ameketi. Mama mkwe ndiye aliyekwenda kumtoa.

Kwetu walingoja. Walipoona lori haliji, wakamlaza mke wangu kitandani, wanaume wakakibeba mabegani wakateremka mlima. Barabarani wakasubiri. Gari lililopita kwanza lilikuwa lori la majani ya chai, na dereva wake aliwapakia bila kuuliza. Alilazwa juu ya magunia ya majani mabichi. Mama yangu anasema alikuwa akizungumza bado, na kwamba alilalamika magunia yamelowa.

Alifika hospitali ya Kisii akiwa hai. Madaktari walifanya walichoweza. Jua lilipozama alikuwa amekwisha kufa, na mtoto pia. Ilikuwa saa ambayo Sabato inakwisha. Nakuru, mimi nilikuwa nimekwisha kuvua shati safi na kuanza kukagua kamba za mzigo.

Niliingia Kisii Jumatatu na unga wa ngano. Baba yangu alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka la tajiri. Nilipomwona pale nilijua, maana baba hakuwa mtu wa kukaa kwenye ngazi za watu. Aliniambia yote akiwa ameketi, nami nikiwa nimesimama bado na funguo mkononi. Tajiri alitoka, akanipa pole, akasema nichukue siku ninazohitaji. Lori lake lilikuwa limejaa na wenye maduka walikuwa wakisubiri mzigo wao. Sikumwomba lori la kubebea maiti, naye hakulitaja. Hakuwa mtu mbaya.

Mwanamke aliyeolewa kwetu huzikwa kwa mumewe, kwa hiyo ilibidi maiti itolewe mjini ipandishwe mpaka vilimani. Baba alisema twende Magwagwa.

Mzee alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, mguu umenyooshwa, goti limefungwa kitambaa. Nguzo ya lango ilikuwa bado imelala. Watu walikuwa wamelisukuma lori mpaka mahali pake, na fundi wa sokoni alikuwa amelitengeneza asubuhi ile. Nilisimama mbele yake umbali wa heshima. Nikasema nilichokuja kusema, kwamba tunaomba lori.

"Lipo," alisema. "Linakosa mtu tu."

Alisema bila ubaya. Nimeyarudia maneno hayo miaka yote, nikitafuta ubaya ndani yake, sijauona.

Niliendesha mpaka Kisii; mzee, kwa sababu ya mguu, alikuja na mama mkwe kwa basi. Tulipotoka hospitali na sanduku, nyuma walipanda mama yangu, mama mkwe, ndugu za mke wangu na baba yangu. Mama mkwe asingeweza kukaa mbele na mimi hata kama dunia ingekuwa inaisha, na tena alitaka kukaa na mtoto wake. Mzee alijaribu kupanda nyuma pamoja nao. Mguu ulikataa. Walimshika mkono, wakamvuta, akaanguka juu ya goti lile. Baba yangu, ambaye ndiye aliyeamua yale mengine, aliinama kutoka juu akamwambia kwa sauti ya chini akae mbele. Mzee alisimama kando ya lori muda, mkono kwenye mlango. Kisha akafungua akapanda.

Kiti kilikuwa kirefu lakini hakikuwa kirefu vya kutosha. Yeye alijibana mlangoni, akavuta koti lake akafunika magoti, akageuza uso dirishani. Mimi nikaangalia barabara.

Kutoka Kisii mpaka kwetu ni vilima, na mtu hawezi kukaa kwenye gia moja. Gia ya pili ilikuwa upande wake. Kila nilipoitia, mgongo wa mkono wangu uligusa goti lake, lile lililoumia. Mara ya kwanza aliuondoa mguu haraka, nikasikia pumzi yake ikikatika kwa maumivu. Nikaomba radhi. Mara ya pili aliuondoa polepole. Tulipopita Kebirigo na kuacha barabara kubwa, njia ilikuwa matope na ilinibidi nitumie gia ya pili karibu wakati wote. Kufikia hapo hakuuondoa tena. Mkono wangu ulikwenda na kurudi, goti lake lilikuwepo, na yeye aliendelea kuangalia nje. Nyuma yetu mama mkwe alikuwa akilia na kuimba pamoja.

Watu walikuwa wamejaa kwenye mteremko wa chini ya nyumba yetu, na lori halikuweza kufika uwanjani. Nilisimama katikati ya mlima na kuvuta breki ya mkono. Ilishika, kisha nikaisikia ikianza kuachia. Nikakanyaga breki ya mguu na kubaki hivyo, siwezi kushuka, siwezi kumshika mke wangu wakimteremsha.

Mzee alielewa. Alifungua mlango wake, akatangulia kushusha mguu mzima na kufuatisha ule mbovu, akaenda akichechemea kando ya njia, akapata jiwe. Lilikuwa zito kwake. Alilibeba kwa mikono miwili mpaka nyuma, akainama, akaliweka chini ya gurudumu, akalisukuma kwa kiganja kuona kama limekaa. Halafu akaja upande wangu, akasimama karibu na mlango, akaniangalia usoni.

"Achia," alisema.

Nikaachia breki. Lori lilirudi nyuma kidogo, likaegemea jiwe, likatulia. Nikazima injini.